Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: leseni ya daktari wa upasuaji ivuke mpaka pamoja na dhamana yake

Mheshimiwa Katibu Mkuu,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia nikiwa daktari bingwa wa upasuaji niliyefunzwa na kutahiniwa chini ya Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kinachojulikana zaidi kwa kifupi chake, COSECSA. Sikutumwa na chuo hicho wala na chama chochote, ingawa haya ninayoyaandika ndiyo tunayoyazungumza wenzangu na mimi kila tunapokutana.

Chuo hiki kilianzishwa mwaka 1999 na makao yake yako Arusha, mji uleule yaliko makao makuu ya Jumuiya. Hakina kumbi za mihadhara. Mwanafunzi hujifunza akiwa kazini, katika hospitali iliyokaguliwa na kuidhinishwa, chini ya bingwa anayemsimamia, na mwishowe hufanya mtihani uleule wanaofanya wenzake wa nchi nyingine wanachama, awe ametokea Mbarara, Butare au Mwanza. Kipimo cha ujuzi wetu, basi, ni kimoja tangu mwanzo. Sheria zinazotusimamia ndizo zilizobaki vipande vipande.

Ibara ya 11 ya Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazitaka nchi wanachama zitambuliane vyeti na sifa za kitaaluma. Wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo wamekwisha kutiliana saini mikataba ya kutambuana. Mabaraza ya madaktari nayo hukagua kwa pamoja vyuo vya udaktari, na kwa hilo yanastahili pongezi. Bingwa wa upasuaji anayevuka mpaka, hata hivyo, bado huanza upya na bahasha ya vyeti mkononi. Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kwenye kambi ya upasuaji katika hospitali ya wilaya ya nchi jirani, na kibali changu cha muda kikatoka kambi ikiwa imebakiza siku mbili. Wagonjwa wa ngiri niliopangiwa walikuwa wamesharudishwa makwao. Nilielezwa baadaye kwamba mmoja wao aliletwa tena usiku, ngiri imenasa na utumbo umeanza kuoza.

Pamoja na uchungu huo, Mheshimiwa, linalonisumbua zaidi ni dhamana, yaani nani awajibike mgonjwa akidhurika. Mgonjwa wa Taveta, Kenya, yuko karibu na Moshi, Tanzania, kuliko Voi ya nchini kwake, na hakuna wa kumlaumu akivuka mpaka wa Holili kutafuta tiba. Akifanyiwa upasuaji, akarudi kwake na kufia huko, mjane wake apeleke malalamiko wapi? Baraza la nchi yake halina mamlaka juu ya daktari aliyesajiliwa nchi nyingine, na baraza lililomsajili daktari liko mbali naye, tena lina taratibu ambazo hajawahi kuzisikia. Tugeuze mfano: mimi ndiye mgeni, nimemaliza kambi na kurudi nyumbani, kidonda kikaharibika wiki ya pili. Anayeitwa kujieleza ni daktari kijana wa wilaya aliyebaki wodini, ambaye hakushika kisu. Sioni haki yoyote hapo, kwake wala kwa mgonjwa.

Sheria za nchi zetu zenyewe hazitofautiani sana. Kifungu cha 240 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya na cha 230 cha Tanzania vinamwondolea daktari hatia ya jinai pale anapofanya upasuaji kwa nia njema, kwa uangalifu na ujuzi unaostahili, kwa manufaa ya mgonjwa. Vifungu vya 243 na 233 vinafanya tiba ya kizembe inayohatarisha maisha kuwa kosa. Swali gumu ni nani aamue kwanza kama uangalifu huo ulikuwepo. Kila hospitali makini ina kikao cha kujadili vifo na madhara, ambamo daktari husimama mbele ya wenzake na kusema: hapa nilichelewa, hapa nilikata nisipopaswa kukata. Kikao hicho ndicho kinachomwokoa mgonjwa wa kesho. Daktari anayehofia kwamba maneno yake ya mle ndani yatasomwa kituo cha polisi kabla baraza la taaluma halijamsikiliza atanyamaza, na nimewaona wakinyamaza. Siombi kinga. Anayesahau kitambaa tumboni mwa mtu au kupasua upande usio wenyewe lazima awajibike, na aliyefungiwa leseni Kampala asiweze kushika kisu Kigali kwa kuwa tu hakuna aliyeuliza.

Ridhaa ya mgonjwa kabla ya kupasuliwa nayo inahitaji kutajwa. Fomu nyingi ninazokutana nazo zimeandikwa kwa Kiingereza, na mgonjwa hutia dole gumba kwenye karatasi asiyoielewa. Ibara ya 137 ya Mkataba wa Jumuiya inataka Kiswahili kiendelezwe kiwe lugha ya mawasiliano kati ya watu wetu. Fomu moja ya ridhaa kwa Kiswahili, inayokubalika pande zote za mpaka, haihitaji fedha nyingi.

Ninachokuomba ni kuliweka suala hili mbele ya Baraza la Kisekta la Mawaziri wa Afya, ili mabaraza ya madaktari yaandae mkataba wa kuwatambua mabingwa wa upasuaji, wenye muda maalumu wa kujibu maombi ya kibali na daftari la pamoja linaloonyesha leseni zilizosimamishwa. Mkataba huo umruhusu mgonjwa kufungua malalamiko kwenye baraza la nchi anayoishi, nalo liyafikishe kwa baraza lililomsajili daktari. Bima ya dhamana ya kitaaluma nayo imfuate daktari kokote anakoruhusiwa kupasua. Mawaziri wakikubali, wawaite madaktari, wanasheria na watetezi wa wagonjwa wakae meza moja tangu rasimu ya kwanza. Nikiitwa nitafika Arusha kwa gharama zangu.

Wako mtiifu,
Daktari bingwa wa upasuaji, Moshi