Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Jumuiya Inatupa Nini, Inatunyima Nini

Ndugu wanachama,

Swali lililorudi ofisini mwaka mzima ni hili: kama tuko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa nini mzigo unaoingia Tanzania kutoka Nairobi unatozwa ushuru? Jibu, karibu kila mara, limo kwenye karatasi.

Umoja wa Forodha ulianza Januari 2005. Bidhaa iliyozalishwa katika nchi mwanachama hailipiwi ushuru wa forodha, mradi iwe na cheti cha uasili, yaani karatasi inayothibitisha ilikozalishwa. Isipokuwa nacho huhesabiwa kama imetoka nje ya Jumuiya, na kwa bidhaa ya dukani hapo kuna asilimia 25, au 35 kwa baadhi ya bidhaa tangu Julai 2022. VAT ya asilimia 18 iko palepale, cheti hakiifuti. Wengi huichanganya na ushuru, wakaondoka Kariakoo wakilaani Jumuiya bure.

Mzigo usiozidi dola 2,000 una cheti chepesi, kinachotolewa na ofisa forodha mpakani kwa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Kuugawa mzigo wa dola 6,000 mafungu matatu ni ujanja ambao maofisa wameshauzoea. Mbali na ujanja huo, mambo yanayokwamisha ni mawili. Ankara inasema hivi na cheti kinasema vile, hata kwa tofauti ya uzito tu. Au bidhaa imefungashwa upya: vitenge vya China vikitiwa mifuko mipya Nairobi haviwi vya Kenya.

Hasara kubwa iko kwingine. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka. Siku chache baadaye iliyafungulia kwa masharti, lakini mahindi yaliyokwama njiani hayasubiri kikao. Nasi tusijifanye malaika: amri ya Tanzania yetu ya Julai 2025 iliwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, na Wakenya wakauliza Soko la Pamoja la 2010, la watu na mitaji kuvuka mipaka kwa uhuru, limekwenda wapi.

Sarafu moja, ambayo makubaliano yake yalitiwa saini Novemba 2013, ilipangiwa 2024. Mwaka huo umepita, na bado tunabadili shilingi kwa dola, kisha dola kwa shilingi ya jirani, tukikatwa mara mbili.

Shirikisho la kisiasa liko mbali zaidi. Tangu 2017 marais wanazungumzia shirikisho legelege kwanza, yaani kila nchi kubaki na mamlaka yake. Hofu ya wageni kutwaa ardhi inayosemwa vijiweni haina msingi ndani ya Soko la Pamoja, kwani itifaki yake imeiacha ardhi chini ya sheria za kila nchi. Ugumu ninaouona mimi ni maafikiano: nchi sasa ni nane, na moja ikigoma, jambo linalala.

Atakayezuiliwa mzigo alete ofisini nakala ya ankara, cheti, tarehe na jina la kituo. Kamati ya taifa ya vikwazo visivyo vya kiushuru, yaani vizuizi vya biashara vingine nje ya kodi, haipokei manung'uniko ya mdomo.