Msizime taa zote: televisheni si sinema

Bwana Mhariri,

Katika ukurasa wenu wa nyumba na familia mlitoa shauri kwa wanaopenda kuangalia filamu nyumbani: funga mapazia, zima taa zote, saloni iwe giza kama sinema. Nimelisoma mara mbili. Mimi ni mpiga picha wa Kamalondo, kazi hii nimeifanya zaidi ya miaka 30, na nimechapa picha kwa mikono yangu katika chumba cha giza tangu enzi za pelikuli, zile filamu za kamera. Kwa ajili ya macho ya wasomaji wenu, na kwa ajili ya filamu zenyewe, nawaomba mlirekebishe shauri hilo. Watu wawashe taa moja, ndogo, nyeupe, nyuma ya tele.

Aliyenifanya nilichunguze jambo hili ni bibi yangu, yaani mke wangu. Jumamosi jioni, umeme ukiwepo, watu wote wa parseli yetu wanakuja kwetu. Bukari inaliwa mapema, vyombo vinaondolewa, watoto wanajipanga kwenye mkeka, taa inazimwa. Na kila Jumamosi, filamu ikifika katikati, bibi yangu anaanza kufinya macho, anajifunika kitenge usoni, mwishowe anabeba kiti chake na kwenda kukaa nje peke yake. Kichwa kilimgonga juu ya nyusi. Tukadhani ni miwani. Tulipokwenda kumpima, miwani ilikuwa sawa kabisa, na mpimaji akamuuliza swali moja tu: "Mama, mnaangalia gizani?"

Nikaona aibu, maana jibu nililijua kwa kazi yangu. Gizani tundu la mboni linapanuka ili lipokee mwanga mwingi. Halafu filamu inatoka usiku kwenda mchana ghafla, na tele inakumwagia mwanga wote huo machoni. Tundu linajibana. Sekunde chache baadaye ni usiku tena, linapanuka. Saa mbili nzima jicho linafanya kazi hiyo mbele ya kidirisha kinachowaka katikati ya ukuta mweusi. Ukuta ukiwa na mwanga kidogo, jicho linapata mahali pa kutulia. Sisemi giza linapofusha mtu. Linachosha, na uchovu huo ulikuwa ukinipokonya mwenzangu kila Jumamosi.

Jambo la pili liliulizwa na mjukuu wangu wa miaka saba. Kulikuwa na watu wanatembea porini usiku, akasema: "Nkambo, mbona usiku huu ni wa kijivu?" Mtoto aliona sawasawa. Tele nyingi tulizonazo ni za LCD: kuna taa nyuma ya kioo, na kioo kinajaribu kuizuia pale ambapo picha inataka weusi. Hakiizuii yote. Mwanga unavuja, na katika chumba chenye giza totoro unauona huo mvujo kama ukungu juu ya picha.

Hapa naomba uvumilivu wenu, maana hiki ndicho kiini cha barua yangu. Zamani wateja wa ndoa walipenda albamu za kurasa nyeusi. Nilikuwa nawachapia picha vizuri, wanaziona mezani kwangu juu ya karatasi nyeupe, wanafurahi. Wiki moja baadaye mama wa bwana harusi anarudi amekasirika: koti la mwanangu limechujuka, uliniuzia picha iliyolala juani. Nilikuwa naitoa picha ileile kwenye ukurasa mweusi mbele ya macho yake, naiweka juu ya karatasi nyeupe, na koti linakuwa jeusi tena. Nairudisha, linachujuka. Hakuna kilichobadilika kwenye picha. Kilichobadilika ni kilichoizunguka. Bartleson na Breneman, watafiti wa kampuni ya picha ya Kodak, waliandika juu ya jambo hili mwaka 1967: picha ileile, pembeni pakiwa giza, tofauti kati ya weupe wake na weusi wake huonekana kupungua. Saloni yenye giza ni ukurasa mweusi wa albamu. Ukuta wenye mwanga hafifu nyuma ya tele ndiyo karatasi nyeupe yangu, na kile kijivu cha mjukuu wangu kinarudi kuwa usiku.

Mtauliza: mbona sinema wanazima? Kwa sababu sinema ni kazi nyingine. Pazia lake la kuonyeshea picha linajaza macho yako, na weupe wake ni wa chini, candela 48 kwa mita ya mraba (candela ni kipimo cha mwanga). Wanaotayarisha filamu kwa ajili ya sinema wanaitazama gizani na kuiongezea tofauti ya weupe na weusi kwa ajili ya giza hilo. Nakala ya tele inatayarishwa katika chumba chenye mwanga hafifu nyuma ya skrini, na weupe wa kawaida wa kazi hiyo ni candela 100. Tele ya nyumbani ikiachwa ilivyowekwa dukani inaweza kupita 300. Ukikaa nayo gizani hujaijenga sinema. Umekaa usiku mbele ya dirisha la mchana.

Sasa, taa gani? Nilikosea mara kadhaa, na makosa hayo nayataja ili wengine wasipoteze pesa. Kwanza niliweka taa ya mezani kando ya tele. Ikaakisi kwenye kioo, na bibi yangu akapata kitu kipya cha kumchoma macho. Taa lazima ijifiche nyuma kabisa, imulike ukuta, isionekane na mtu aliyekaa mahali popote kwenye saloni.

Halafu mtoto wa dada yangu akaniletea ukanda wa taa ndogo kutoka soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi, dola 5, wenye rimoti na rangi kumi na kitu. "Muyomba, hii ndiyo wanaweka kila mahali." Aliubandika, akachagua zambarau, na watoto wakapiga makofi. Nilikaa dakika kumi tu. Jicho likizungukwa na zambarau linaanza kuipunguza lenyewe, na linaipunguza pia kwenye picha. Sura za watu zikaelekea ukijani, kama wagonjwa.

Kwangu hilo si jambo dogo. Nilipojifunza uchapaji wa rangi, kadi za Kodak za kurekebishia mashine zilikuwa na sura ya mwanamke mzungu. Mashine ikikaa sawa kwa ngozi ile, bibi harusi wa kwetu anatoka hana pua wala mashavu, ni gauni na meno tu. Nimekesha usiku mwingi nikiongeza na kupunguza vichujio ili mtu apate sura yake, wekundu ulio ndani ya weusi wake, mng'ao wa paji la uso. Leo kuna filamu zilizopigwa na watu wanaojua kutunza ngozi yetu. Wamefanya kazi hiyo kwa uangalifu mkubwa, halafu sisi tunaizungushia zambarau ya dola 5 na kuiharibu mlangoni. Inaniuma.

Kwa hiyo taa iwe nyeupe, na si nyeupe yoyote. Weupe wa tele umepangwa kwenye kipimo kiitwacho D65, karibu Kelvini 6500 (Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), ambao ni kama mwanga wa mchana wenye mawingu. Ampuli, yaani balbu, ya manjano ya Kelvini 2700 inapendeza mezani, lakini nyuma ya tele inaifanya picha ionekane ya bluu. Hata wapiga picha wenzangu wawe waangalifu: meza zetu za kukagulia picha za karatasi ni za Kelvini 5000, na hizo si za tele. Tafuteni maandishi 6500 kwenye boksi, na kama kuna kipimo cha uaminifu wa rangi, CRI, kiwe 90 au zaidi. Boksi likiwa kimya, jaribuni hivi: wekeni kwanza tele kwenye hali ya sinema, si ile ya rangi kali za dukani, maana ile karibu kila mara imejaa bluu. Kisha onyesheni picha nyeupe kwenye tele, shikeni karatasi nyeupe ukutani kando yake mahali taa inapofika, na mlinganishe. Karatasi ikionekana bluu au manjano kuliko skrini, rudisheni taa hiyo kwa muuzaji.

Kuna zile tele ambazo taa zake za nyuma zinafuata rangi za filamu. Philips walizileta mwaka 2004 na wapo wanaozipenda kwa michezo na muziki. Kwa filamu, mimi nataka ukuta ukae kimya.

Ukuta wetu ulinipa kazi kuliko taa. Bibi yangu aliuchagulia rangi ya mafuta, kijani, na rangi ya mafuta inang'aa: kila nukta ya ule ukanda ilionekana ukutani kama msururu wa nyota, na mwanga uliorudi ulikuwa wa kijani hata taa ikiwa nyeupe. Sikuthubutu kugusa ukuta wake. Nilinunua ubao wa tripleksi, nikaupaka rangi ya maji isiyong'aa, nyeupe niliyoichanganya na nyeusi kidogo kidogo, huku nikiulinganisha na kadi yangu ya kijivu, ile inayorudisha asilimia 18 ya mwanga ambayo kila mpiga picha wa zamani anaijua. Nyumba isiyo na kadi, kijivu chepesi au nyeupe isiyong'aa inatosha. Ubao ni mpana kuliko tele kwa mikono miwili hivi, unaegemea ukuta, na waya zote zimepotea nyuma yake. Hilo la waya ndilo lililomfanya bibi yangu aukubali.

Mwanga uwe kiasi gani? Desturi ya wataalamu ni kwamba ukuta uwe na asilimia 10 hivi ya weupe wa skrini, na kwa filamu za HDR, zile zenye tofauti kubwa zaidi ya mwanga na giza, pendekezo la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, la mwaka 2016 ni candela 5 tu kwa mita ya mraba. Nilichukua posemetri yangu ya mkononi, chombo cha kupimia mwanga, iliyokuwa imelala kabatini tangu nilipoacha pelikuli. Nikaipima skrini nyeupe, nikaupima ubao. Kila diafragma moja, yaani hatua moja ya kipimo hicho kwenda chini, ni nusu ya mwanga: moja ni nusu, mbili ni robo, tatu ni moja ya nane. Asilimia 10 iko kwenye diafragma tatu na theluthi moja chini ya skrini. Mara ya kwanza ubao ulikuwa diafragma mbili tu, mwanga umezidi, picha ikaonekana imepauka. Taa nyeupe niliyoishia nayo haina kitufe cha kupunguza, basi nikaifunika kwa tabaka mbili za karatasi nyeupe ya kuokea, nikapima tena, ikakaa mahali pake. Asiye na posemetri apunguze hadi pale ambapo, filamu ikiendelea, anasahau kuwa taa ipo, lakini akiizima anashtuka.

Neno moja juu ya umeme, kwa sababu hapa Lubumbashi tunaujua thamani yake. Taa yangu inakula kwenye tundu la USB la tele yenyewe. Tundu la kawaida linatoa volti 5 na nusu ampea, yaani wati 2.5, mzigo ambao hata betri ya kusubiria umeme haiusikii. Lakini msitundike humo ukanda wa mita 5 kama tulivyofanya sisi. Tele ilizimika na kuwaka, ikazimika na kuwaka, mpaka tukaelewa kwamba tundu limezidiwa. Kwa tele ya inchi 43, mita 2 na kidogo zinatosha juu na kando mbili. Ubandikeni mgongoni mwa tele, sentimita chache ndani ya ukingo, na tele isigandane na ukuta, ili mwanga upate nafasi ya kutawanyika.

Kwa wauzaji wa taa hizi nina ombi: acheni kuwaambia akina mama kwamba ni dawa ya macho. Si dawa. Mwenye kuumwa macho aende kwa daktari. Na andikeni Kelvini kwenye boksi, mteja ajue anachonunua.

Bwana Mhariri, pamoja na barua hii nimeweka picha mbili, na mkipata nafasi naomba mzichapishe zikiwa bega kwa bega. Ni ndoa moja, pelikuli moja, nimezichapa zote siku moja kwa muda uleule. Moja nimeibandika juu ya karatasi nyeusi, nyingine juu ya nyeupe. Wasomaji waangalie koti la bwana harusi.

Ni mimi msomaji wenu,
Mpiga picha wa zamani, Kamalondo, Lubumbashi