Santuri Yako Si Bandia: Kwa Nini Albamu Mpya Inakwaruza Nyumbani

Mwezi uliopita mteja wetu mmoja wa Ntinda, Kampala, alirudisha dukani santuri ya Ascension, albamu ya bendi ya metali Paradise Lost iliyotoka Septemba 2025, akidai kwamba tulimuuzia nakala bandia kwa bei ya nakala halisi. Alisema magitaa yanakwaruza, mwimbaji ananguruma kama spika iliyopasuka, na Draconian Times, albamu yao ya zamani aliyoizoea tangu akiwa shuleni, haikuwa hivyo hata kidogo. Malalamiko ya aina hii yametufikia mara nyingi, ndiyo maana tunayajibu kwa maandishi.

Kunguruma si kasoro. Bendi hii, iliyoanzishwa Halifax, Uingereza, mwaka 1988, ilianza kwa kunguruma, na ndivyo mwimbaji wao Nick Holmes anavyosikika katika albamu ya Gothic ya 1991. Baadaye aliilainisha sauti yake hatua kwa hatua. Kufikia Draconian Times ya 1995 alikuwa akiimba waziwazi, na Host ya 1999 ilijaa vinanda vya kielektroniki. Aliurudia mngurumo katika The Plague Within ya 2015, na Ascension inachanganya sauti zote mbili. Kwa masikio yetu, gitaa la Gregor Mackintosh halijalia kwa uchungu mtamu namna hii tangu Icon ya 1993. Anayetarajia Draconian Times ya pili ataona amepunjwa, lakini si duka lililompunja.

Kukwaruza ni jambo jingine. Tuliicheza santuri ile kwenye mashine yetu mbele yake: upande wa kwanza ulichachatika kama vitunguu kwenye mafuta ya moto, ilhali upande wa pili, ambao alikuwa ameucheza mara moja tu, ulitoka safi kabisa. Tukamwomba alete mashine yake. Juu ya kichwa cha sindano palikuwa na sarafu ya shilingi 500 iliyobanwa kwa selotepu, kwa sababu, alivyotueleza, sindano ilikuwa ikiruka kila besi ilipopiga kwa nguvu.

Wateja wengi hutumia njia hiyo ya mkato, nayo ni ghali. Sindano nyingi za kisasa hutakiwa kukandamiza santuri kwa uzito wa gramu 1.5 hadi 2.5, na sarafu hiyo peke yake huuzidisha uzito huo mara kadhaa, hivyo ncha ya sindano huchimba kuta za mifereji na kuondoka na sauti ambayo hakuna fundi awezaye kuirudisha. Miaka michache iliyopita mzee mmoja wa Jinja alituletea santuri za rumba za Kongo alizorithi kwa baba yake, zote zimechezwa chini ya sarafu, akitumaini kwamba tungezisafisha zikarudia hali yake. Tuliziosha, tukazikausha, tukatoa vumbi lote. Sauti haikurudi, na hatukumtoza chochote.

Tunatoza shilingi 60,000 kurekebisha mashine, na wapo wanaotuambia kwamba ni nyingi kwa kugeuza kiuzani kilicho nyuma ya mkono unaoshika sindano. Kazi hiyo huchukua karibu saa mbili: tunaisawazisha mashine, tunapima uzito wa sindano kwa mizani ndogo, tunaikagua ncha kwa kioo cha kukuza, kisha tunasikiliza pande zote mbili. Bei ya santuri yenyewe inabeba nauli ya ndege hadi Entebbe, forodha, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Hatuiongezi kwa kupenda.

Mashine ya yule bwana wa Ntinda haikuhitaji hata sindano mpya. Ilikuwa imewekwa juu ya kabati lililoinamia upande mmoja, na bila ile sarafu uzito wa sindano ulikuwa gramu moja tu. Tulimwekea gramu mbili, tukamwonyesha jinsi ya kusawazisha kabati kwa vipande vya mbao. Ameagiza nakala nyingine ya Ascension, na Jumamosi atatuletea Draconian Times yake tuikague kabla hajaicheza tena.