Kisu kidogo cha kila siku: tazama wembamba kabla ya kuuliza chuma

Karibu kila mteja anayeshika kisu kisichokunjwa karakanani kwetu huanza na swali moja: "Hiki ni chuma gani?" Swali ni zuri na tutalijibu. Ila kabla ya hapo tungependa akigeuze, akielekeze ncha kwenye macho yake kwa mbali kidogo, na atazame jinsi chuma kinavyopungua kutoka mgongoni hadi kwenye makali. Kisu kizuri hujulikana hapo kwanza.

Kuna mteja alituletea kisu chake akisema hakikati kabisa, ingawa anakinoa kila wiki. Tulikijaribu mkononi, kikanyoa vinyweleo bila shida. Makali yalikuwepo, tena mazuri. Tukachukua boksi nene la katoni, tukaanza kulikata. Kisu kiliingia kiasi cha sentimita moja, kikakwama. Tulipokisukuma, boksi halikukatika. Lilipasuka, na kingo zake zikakunjamana pande zote mbili. Tulipopima kwa kalipa, mgongo ulikuwa na unene wa milimita 5, na pale juu tu ya makali unene ulizidi milimita 1. Kilikuwa kabari yenye ncha. Makali yalifungua njia, mwili ukashindwa kupita.

Kisu kile hakikuhitaji kunolewa, kilihitaji kupunguzwa. Tuliondoa chuma kwenye pande zote mbili za bapa kwa mashine ya msasa, polepole, tukikichovya majini kila mara kisipate joto, hadi unene juu ya makali ukafika nusu milimita. Kisha tukakata boksi lilelile. Kisu kikapita kwa mvuto mmoja, na kingo zikabaki zimenyooka.

Kwa kazi za kila siku, yaani kufungua vifurushi, kukata kamba, kuchonga kijiti au kumenya tunda, bapa la urefu wa sentimita 7 hadi 10 linatosha kabisa. Likirefuka zaidi, ncha inakuwa mbali na vidole na kazi ndogondogo zinakuwa ngumu. Mgongo uwe kati ya milimita 2.5 na 3.5, na juu ya makali pabaki milimita 0.3 hadi 0.5. Pembe ya kunolea ya digrii 20 hivi kila upande inafaa kwa watu wengi. Tunajua wapo wanaopenda mgongo mnene kwa sababu unaonekana imara, na kweli ni imara ukiwa unapasua kuni kwa kukigonga kisu na gogo. Lakini kazi hiyo ni ya shoka, na kwa ajili ya siku moja ya kuni unabeba kabari mwaka mzima.

Sasa chuma. Chuma cha kaboni cha kawaida, chenye kaboni karibu asilimia 1, hunoleka upesi na kupata makali safi sana, lakini ukikiacha kimelowa kinashika kutu. Kile kinachoitwa kisichoshika kutu kina kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, na bado kitapata madoa ukikisahau kwenye maji ya chumvi. Jina la chuma peke yake halikuambii mengi, kwa sababu visu viwili vya chuma kilekile vinaweza kutofautiana kabisa kutokana na moto. Chuma cha kaboni hupashwa hadi nyuzi 800 hivi za Selsiasi, huzamishwa kwenye mafuta, kisha hurudishwa kwenye joto la nyuzi 200 hivi kwa saa moja au mbili ili ugumu usiandamane na wepesi wa kuvunjika. Fundi akiruka hatua hii ya mwisho, makali yanamegeka kama kioo. Akizidisha joto lake, makali yanalala upande kila ukikata kitu kigumu. Kwa hiyo muulize muuzaji ugumu wa kisu. Kwa kipimo cha Rockwell, 57 hadi 60 ni mahali pazuri kwa kisu cha kazi mchanganyiko.

Mpini unatakiwa ubebe vidole vyote vinne, na usiteleze mkono ukilowa. Sisi hatupendi mipini yenye mabonde ya vidole. Mabonde hayo yamechongwa kwa kipimo cha mkono wa mtu mwingine. Tunachosisitiza ni kizuizi kidogo mbele ya mpini, hata kama ni kinundu tu. Nina kovu kwenye kidole cha shahada nililolipata nikitoboa ngozi ngumu kwa kisu kisicho na kizuizi: ncha iligoma, mkono ukaendelea mbele. Tangu siku hiyo hakuna kisu kinachotoka mikononi mwangu bila kinundu hicho.

Uliza pia kuhusu msuka, yaani chuma kinachoingia ndani ya mpini. Uende hadi mwisho wa mpini, au angalau upite nusu yake. Msuka mfupi uliogandishwa kwa gundi tu huanza kucheza baada ya muda. Hapo ndipo kisu kisichokunjwa kinapopoteza sifa yake kubwa, maana tunakichagua kwa sababu hakina bawaba ya kulegea wala pachipachi la kuficha uchafu.

Ala ya kisu isisahaulike. Ya ngozi iwe na ukanda wa ngozi ndani ya mshono ili makali yasikate nyuzi, na kisu kisihifadhiwe humo kwa miezi, kwani ngozi hushika unyevu. Ipindue juu chini uitikise kidogo. Kisu kikidondoka, ala hiyo haifai. Na kabla ya kukivaa kiunoni, angalia sheria ya mahali ulipo, maana nchi nyingi zina mipaka kuhusu kubeba visu hadharani.

Kama una kisu kinachokukatisha tamaa, kilete kabla hujanunua kingine. Tutakipima mbele yako, tukuonyeshe namba, na tukuambie kama kinapunguzika. Kama chuma chake kimeungua kwa mashine ya kunolea na kulainika mpaka ndani, tutakuambia hilo pia, na hatutakutoza kwa kazi isiyokusaidia.