Barua ya wazi kwa vijana wa midahalo: kukanusha si kusema kinyume

Wajukuu zangu,

Nimewasikiliza mkijadili ile mada ya miaka yote, kwamba elimu ni bora kuliko pesa, na kama walivyozoea wanafunzi niliowafundisha, upande wa kupinga ukasimama kutetea kwamba pesa ni bora kuliko elimu. Mzigo huo hamkuwa na haja ya kuubeba. Anayepinga mada hiyo anadaiwa jambo moja tu, yaani kuonyesha kwamba elimu haiizidi pesa kwa ubora, kwani huenda viwili hivyo vinalingana, au havipimiki kwa mizani moja. Kauli yenu na ya wenzenu haziwezi kuwa kweli kwa pamoja, lakini zote mbili zaweza kuwa za uongo, na hapo mtakuwa mmeshindana bure.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alizitenga namna hizi mbili za kupingana, kukanusha na kusema kinyume, katika karne ya 4 kabla ya Kristo. Kauli na kanusho lake hugawana ukweli na uongo bila kubakiza kitu. Kauli zilizo kinyume huacha nafasi katikati, kama vuguvugu lilivyo kati ya moto na baridi. Wanamantiki wa Kiarabu huliita la kwanza naqid na la pili didd, na hilo la pili ndilo asili ya neno letu dhidi.

Kiswahili nacho kinalitunza jambo hili ndani ya vitenzi vyake. Funga huzaa fungua, ziba huzaa zibua, kunja huzaa kunjua, fukia huzaa fukua: kila kinyume hapo hutengua kitendo kilichokwisha kutendeka. Kanusho halifanyi hivyo. Nikisema fulani hakufunga mlango, sijasema kwamba aliufungua. Pengine aliukuta wazi akapita zake. Mwanafunzi aliyetakiwa kukanusha “Amevaa shati”, akaandika “Amevua shati”, nilikuwa nikimkata alama bila kumweleza kwamba huwezi kuvua usichokuwa umekivaa, na maelezo hayo nilipaswa kumpa.

Katika mazungumzo ya kila siku twaziruka nafasi hizi za katikati. Mtu akisema “simpendi”, tunasikia “namchukia”. Akisema haungi mkono hoja, tunamhesabu mpinzani, ilhali huenda bado anaipima.

Neno linaloniumiza kichwa zaidi ni “wote”. Sentensi “Wanafunzi wote hawakufika” mmoja huielewa kwamba hakufika hata mmoja, na mwingine kwamba baadhi walikosekana, na nimeshuhudia kikao kizima kikivurugika kwa sababu kila upande ulishika maana yake. Mkitaka maana ya pili, semeni “Si wanafunzi wote waliofika”. Kumbukeni pia kwamba anayedai wote wamefika huangushwa na mtoro mmoja tu. Anayejitwisha kuthibitisha kwamba hakufika yeyote amejiongezea kazi ambayo hakuna aliyemwomba, na mpinzani wake atamwangusha kwa kumwonyesha mwanafunzi mmoja aliyekuwapo.

Kwa hiyo mtakapopewa mada yenye “wote”, “kamwe” au “kuliko”, liandikeni kwanza kanusho lake kwenye karatasi, mlisome kwa sauti mbele ya wenzenu wa upande wenu, ndipo mgawane hoja.

Babu yenu,
Mwalimu mstaafu