Mlitoboa ukuta bila kupiga hodi

Kwa Mkurugenzi,
Kampuni iliyoandaa Tamasha la Taa,
Jinja.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MASHIMO KUMI NA MOJA KWENYE NYUMBA YA MAIN STREET

Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu iko kwenye baraza la nyumba ya zamani hapa Main Street, na vyumba vya nyuma ndimo ninamoishi na wanangu wawili. Nawaandikia kwa sababu vijana wenu walitoboa mashimo kumi na moja kwenye uso wa nyumba hii, wakafunga vyuma vya kushikia taa, wakaja kuving'oa tamasha lilipokwisha, na mpaka leo hakuna aliyetupigia hodi.

Walitoboa siku niliyokwenda Kampala kununua vitambaa. Niliporudi jioni nilikuta vumbi jeupe limetanda juu ya cherehani na nyaya zimepitishwa mbele ya dirisha. Jirani yangu anayeuza chapati akaniambia, "Mama, tulidhani umewaruhusu." Nikampigia simu mwenye nyumba, ambaye anaishi Uingereza. Naye hakuulizwa.

Lipu ya nyumba hii ni ya chokaa. Kule juu, chini ya paa, kuna mwaka 1926 uliofinyangwa kwa lipu hiyohiyo. Marehemu baba yangu alikuwa mwashi, na kwa miaka mingi yeye ndiye aliyeitengeneza kila ilipopasuka. Alizima chokaa kwa maji mwenyewe kwenye pipa nyuma ya nyumba, akaiacha ilale wiki kadhaa kabla ya kuigusa. Sisi watoto tulikatazwa kusogea karibu, maana chokaa inapozimwa huchemka na kuunguza. Alikuwa akisema chokaa inapumua: mvua ikiingia ukutani, unyevu hutoka taratibu jua likiwaka. Simenti huuzuia. Sasa vijana wenu, baada ya kung'oa vyuma, wamekwenda kuziba mashimo matatu kwa simenti na kuyaacha manane wazi. Manane yanakunywa kila mvua inayotoka ziwani. Kwa yale matatu naogopa zaidi, kwa kuwa maji yatanasa nyuma ya kiraka, lipu itavimba, kisha itabanduka vipande vipande. Shimo moja kati ya hayo liko shubiri moja tu chini ya ile 6 ya 1926.

Sikatai tamasha. Usiku wa kwanza nilitoka na wanangu, tukasimama katikati ya barabara pamoja na mji mzima. Kwa picha za mwanga ukutani mlituonyesha marobota ya pamba na garimoshi la reli ya Busoga iliyofunguliwa mwaka 1912, likitoka Jinja kwenda Namasagali, na likapita juu ya milango ninayoipita kila siku. Zilipokuja picha za mwaka 1972, Waasia walipopewa siku 90 kuondoka Uganda, watu walinyamaza kimya. Nyumba hii ilifungwa mwaka ule. Baba alikuwa fundi wa mwenye nyumba, na kwetu habari hiyo imesimuliwa mara nyingi, lakini wanangu hawakuwahi kuiona ikiwa kubwa kama ukuta. Mdogo aliniuliza maswali mpaka usingizi ukamchukua.

Ndiyo maana nimeumia. Picha zile hazikuhitaji hata shimo moja. Projekta ilisimama kwenye mnara wa vyuma ng'ambo ya barabara, ikatupa mwanga wake bila kugusa kitu. Vyuma mlivyopigilia ukutani vilibeba taa za rangi za kupambia tu, na taa hizo zingeweza kusimama chini ya nguzo za baraza.

Halafu kuna wadudu. Mtu yeyote wa Jinja angewaambia, kama mngeuliza, kwamba ukiwasha taa kali karibu na ziwa usiku, wale wadudu wadogo wa ziwani hufika kama moshi, wakafa kwa marundo chini ya taa. Mliziwasha juu ya mlango wangu usiku nne mfululizo. Kanzu tano nyeupe za kwanjula, yaani sherehe ya bwana harusi kutambulishwa kwa wazazi wa bibi harusi, ambazo nilikuwa nimezitundika ndani tayari kwa mteja, ziliingia madoa kupitia matundu ya dirisha. Nimezifua mara tatu. Mbili zimetakata, tatu hazifai, na mteja ana haki ya kuzikataa.

Kwenye mabango yenu mliandika kwamba mmefuata mfano wa Lyon, Ufaransa. Kule ilikuwa hivi: tarehe 8 Desemba 1852, wenyeji waliweka mishumaa kwenye madirisha ya nyumba zao, kwa mikono yao. Mwanga ulitoka ndani kwa watu. Mngetuomba, hata sisi tungeweka taa madirishani, na mimi ningekuwa wa kwanza.

Naomba mlete mwashi anayeijua chokaa, aondoe viraka vitatu vya simenti kwa patasi, bila mashine, kisha azibe mashimo yote kumi na moja kwa chokaa na mchanga, kabla mvua haijazidi. Tafadhali msimtume mtu wa kupaka rangi badala yake. Naomba pia mnilipe kanzu tatu, shilingi 180,000, na risiti za kitambaa ninazo. Na kama mnakusudia kurudi mwakani, mwandikieni mwenye nyumba mapema na mpite kwa sisi tunaoishi humu, nyumba kwa nyumba. Majirani wawili wana mashimo kama yangu na wamekubali niwataje kwamba wapo.

Picha za kila shimo nimeziambatanisha, na nimeweka rula pembeni ili muone ukubwa wake. Mwashi akija, apige hodi mlango wa nyuma. Nakuwepo kuanzia saa mbili asubuhi, na pipa la baba bado lipo, anaweza kulitumia.

Wenu,
Mshonaji wa barazani, Main Street