Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi: Kasi ya Mmenyuko Tuliyoiona kwa Macho

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wajumbe wa Kamati ya Skuli, wazazi na wanafunzi wenzetu,
Assalaam alaykum.

Kwa niaba ya wanachama wa Klabu ya Sayansi ya skuli yetu hapa Chake Chake, tunakukaribisha kwa furaha na kukushukuru kwa kuacha shughuli zako ili uje kuona kazi yetu. Risala hii ina jambo moja, nalo ni kasi ya mmenyuko wa kikemia, yaani wepesi wa kemikali kubadilika kuwa nyengine, mada ambayo wengi wetu tuliikariri Kidato cha Tatu bila ya kuwahi kuiona ikitokea.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mbele yako pana bika mbili, yaani vyombo vya kioo vya maabara. Katika ya kwanza mna dawa ya iodini ya kupaka vidonda, ambayo ilikuwa ya hudhurungi mpaka tulipoitia kidonge cha vitamini C kilichosagwa, ndipo rangi ikapotea. Katika ya pili mna haidrojeni peroksaidi, dawa ya kusafishia vidonda, pamoja na maji ya wanga tuliyoyapata kwa kupika kijiko cha unga wa muhogo na kuyachuja kwa kitambaa. Zikichanganywa, kwa muda hakuna kinachoonekana. Kisha, kufumba na kufumbua, maji yote hugeuka buluu iliyokoza hadi kukaribia weusi.

Peroksaidi huanza kutengeneza iodini tangu sekunde ya kwanza, lakini vitamini C huidaka kila inapotokea na kuirudisha kuwa iodaidi, umbo la iodini lisilo na rangi. Vitamini C ikishamalizika, iodini hukosa wa kuizuia, hushikana na wanga, na rangi hujitokeza. Kwa hiyo muda ule wa kungojea ndio kipimo chenyewe: ukiwa mfupi, mmenyuko una kasi kubwa. Mkemia Hans Landolt alieleza jaribio la jamii hii mwaka 1886, kwa kemikali nyengine.

Tulilirudia kwa joto tofauti. Bika zilizokaa katika maji ya vuguvugu zilibadilika upesi, na zile za kwenye barafu zilituchelewesha mpaka wengine wakadhani tumekosea vipimo. Kwa menyuko nyingi, joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi kasi huongezeka takriban mara mbili, kwa sababu chembe nyingi zaidi hugongana zikiwa na nishati ya kutosha kumenyuka. Mwenzetu mmoja, mtoto wa mvuvi, alisema kuwa ndiyo maana baba yake hakubali kwenda baharini bila ya barafu. Tulinyamaza sote, kwani alikuwa ameeleza kuoza kwa samaki vizuri kuliko madaftari yetu.

Siku ya mwanzo rangi haikutoka kabisa, na tulingoja hadi adhana ya alasiri. Chupa ya peroksaidi ilikuwa imeachwa wazi dirishani, na jua lilikwisha kuigeuza maji na oksijeni. Hapo ndipo tulipofahamu kwa nini dawa hiyo hutiwa katika chupa za rangi nzito.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunatumia saa ya simu ya mwalimu na kipimajoto kimoja kwa wanafunzi arubaini, hivyo wengi wetu hutazama tu mikono ya wenzao. Katika mtihani wa taifa wa Kidato cha Nne, mtahiniwa anaweza kutakiwa kuitazama alama ya X ikifichika chini ya mchanganyiko wa kemikali ya sodiamu thayosalfeti na asidi unaozidi kuwa na ukungu, na kupima muda huo akiwa peke yake na saa yake. Hatuombi maabara mpya, iliyopo inatosha. Tunaomba saa 10 za kuhesabia sekunde, vipimajoto 10 na silinda za kupimia za kutosha, ili kila mmoja wetu apime kwa mkono wake.

Sasa tunakuomba kwa heshima usogee mezani, umimine bika ya kwanza katika ya pili, nasi tutahesabu sekunde kwa sauti.

Tunaomba kuwasilisha.